Ruhusa Aliyoomba Domitila

Nyakitonto, Kasulu
Usiku wa kuamkia safari yako

Yustina, mwana wanje,

Mambo ya sanduku, ya mizigo kwenye treni na ya watu wa kuwaepuka stesheni, shangazi yako amekwisha kuyasema mpaka nami masikio yakachoka. Sitayarudia. Unajua kununua sabuni bila barua ya mama. Nakuandikia lile nililoshindwa kulisema jioni, uwanja ulipojaa watu waliokuja kukuaga, kila mmoja akitaka kukushika mkono kana kwamba televisheni yenyewe imo kiganjani mwako.

Nakuonea wivu.

Nimeliandika mapema lisije likanishinda huko mbele. Furaha ninayo, usidhani sina. Jina lako liliposomwa kanisani nilitembea kutoka Nyakitonto hadi nyumbani kwa shangazi yako bila kuhisi miguu. Lakini chini ya furaha hiyo kuna kitu kinauma, na ninakijua, maana nimeishi nacho miaka mingi.

Juzi nilipokwenda Kasulu niliingia dukani kwa Bwana Saidi. Unamfahamu, yule mwenye ndugu pwani, anayekwenda Unguja kila akipata nafasi. Akaniambia, "Hongera, Mama Yustina. Binti anakwenda kuonekana!"

"Haendi kuonekana," nikamjibu. "Anakwenda kazi ya watazamaji."

"Hiyo ndiyo kazi yenyewe," akasema, akaacha kupima chumvi, akaegemea meza. Akanieleza kwamba huko Unguja unakokwenda wameweka televisheni kwenye kumbi za vijiji, watu wanakaa mikekani jioni, wazee mbele, watoto miguuni pao. Wewe utazunguka kumbi hizo, usikilize watu wanasema nini, wameelewa nini na hawakuelewa nini, kisha upeleke maneno hayo kwenye kikao cha wakubwa wanaopanga kitakachoonyeshwa. Nikamwuliza, "Ukumbi unafungwa?"

"Unafungwa. Kila ukumbi una mtu wake."

"Huyo mwenye ufunguo ni nani? Nani alimchagua?"

Bwana Saidi akacheka. "Wenzako wote huniuliza picha inaingiaje mle ndani. Wewe unauliza ufunguo!"

Sikucheka. Ufunguo wa namna hiyo nimewahi kuufunga kwenye pindo la khanga yangu, na wewe ulikuwepo, ingawa ulikuwa darasa la sita na watoto walifukuzwa mikutanoni. Kijijini umesikia habari zile vipande vipande. Domitila, ninavyomjua, hajakusimulia upande wake hata siku moja. Basi usikie kwangu.

Mwaka tuliohamishiwa kijijini serikali ilituletea redio ya darasa la watu wazima. Wenzetu walikuwa bado wanaezeka nyumba, migomba haijashika ardhi, watu wana hasira ya kuachishwa makaburi ya baba zao, na katikati ya hayo yote ikaja redio ndani ya sanduku la mbao lenye kufuli. Ikawekwa kwenye banda la ofisi. Kamati ikaundwa, na mwenyekiti wa kijiji, Mzee Ntibabara, akasema mtunza redio awe mtu anayejua Kiswahili sawasawa. Wote wakanigeukia mimi.

Unajua Kiswahili changu nilikipata wapi. Marehemu baba yako alikwenda kukata mkonge Tanga, nikamfuata, tukaishi kambini miaka yetu ya ujana pamoja na watu wa kila kabila. Hapa kwetu wakati ule wazee wengi na karibu wanawake wote walikuwa na Kiha tu. Redio ikisema, wao walisikia mlio. Kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kufungua sanduku jioni, kusikiliza, kisha kusimama na kuwarudishia maneno kwa Kiha. Waliniita Mama Redio. Nililipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa.

Domitila alikuja mwaka watu walipovuka mpaka kutoka Burundi. Alipitia Kibondo, akateremka huku akiwa na watoto wawili; mumewe hakujulikana alibaki wapi. Kabla ya balaa ile alikuwa ametumikia nyumba za watu Bujumbura, mtaa wenye Waswahili wengi, basi Kiswahili kilimtoka kama maji. Na Kirundi chake na Kiha chetu, unajua mwenyewe, ni watu wa nyumba moja. Alipewa kipande cha shamba jirani na letu. Mimi ndiye niliyempa mbegu za maharagwe. Nilimhurumia kwa moyo wote, maana alikuwa hana kitu ambacho mimi sina.

Halafu nikashikwa na homa. Jioni chache tu. Mzee Ntibabara akamwomba Domitila asimame mahali pangu.

Niliporudi, somo lilikuwa la vyoo. Nikasikiliza, nikasimama, nikawaeleza neno kwa neno kama ilivyokuwa desturi yangu. Walinyamaza. Nikadhani wameelewa. Kisha Bibi Bukuru, yule mjane aliyekuwa akikaa karibu na mlango, akauliza kwa upole kabisa, "Na Domitila anasemaje?"

Hakukusudia kuniumiza. Alitaka kujua tu. Domitila akatazama chini, hakutaka kusimama. Wakamsihi. Akasimama, na hakuanza na redio. Alimgeukia Bibi Bukuru mwenyewe. "Bibi, choo chako kiko upande wa juu wa kisima au wa chini?"

"Wa juu."

"Na mvua ikinyesha, maji yanapanda au yanateremka?"

Bibi Bukuru akajishika mdomo. Banda zima likaangua kicheko, na katika kicheko kile watu wakaanza kuulizana vyoo vyao viko wapi. Kesho yake wanaume walikuwa wanachimba upya. Nilikuwa nimesema yale yale, Yustina. Yale yale! Na hakuna aliyeinua jembe.

Tangu siku hiyo watu hawakusema tena twende kwenye redio. Walisema twende kwa Domitila. Mimi nafungua kufuli, mimi natafuta stesheni, mimi nabadilisha betri, na wao wananisubiri nimalize ili yeye asimame. Nilianza kumhesabia makosa. Aliongeza maneno ambayo redio haikuyasema. Alicheka na wanaume. Alivaa khanga niliyompa mimi, tena ikampendeza zaidi. Nikilala namsikia sauti yake. Nikiamka, yuko shambani anaimba, nami nachukia hata wimbo ambao siku zote niliupenda.

Nikamwendea Mzee Ntibabara. Sikumwambia nina wivu, nani husema hivyo? Nilimwambia maneno ya serikali yanatiwa chumvi na mtu wa ng'ambo. Mzee yule alikuwa mwoga wa wakubwa, na siku zile mambo ya mpakani yalikuwa moto. Kamati ikakaa, mimi nikiwa mjumbe, na kanuni ikatoka kinywani mwangu: redio isikilizwe kimya, maneno ya serikali yasifasiriwe na mtu yeyote, asiyejua Kiswahili ajifunze. Nilijifungia na mimi mlango huo huo, ilimradi yeye asipite. Mzee Ntibabara akamwambia Domitila mbele ya watu kwamba akirudia kusimama, shauri lake litapelekwa kwa katibu tarafa. Kila mtu alijua maana yake. Wakimbizi waliokaa vijijini bila mpango walikuwa wanachukuliwa kupelekwa kwenye makazi ya mbali, huko Tabora na Mpanda.

Domitila aliitikia "ndiyo" mara moja, akakaa.

Watu wakaanza kupungua. Wazee waliona hawana cha kufuata pale, na Bibi Bukuru alikuwa wa kwanza kuacha. Mwisho nikabaki na vikongwe wachache waliokuja kwa sababu ya kivuli, na mbuzi, na Domitila pembeni, kimya, anafuma mkeka. Nikajiona nimeshinda.

Sasa nafika pale ambapo kalamu inakuwa nzito.

Ilikuwa wakati wa kuanika maharagwe. Redio ilikuwa inasoma matangazo, mvua ikatishia upande wa Buhigwe, nikaiacha wazi nikakimbia nyumbani kuanua. Nilikuwa nimepiga magoti nakusanya kwenye ungo nilipoona miguu ya Domitila mbele yangu.

"Mwakeye, mama," akanisalimu.

"Sema."

"Redio imemtaja Bibi Bukuru. Mwanawe Gabrieli ni mgonjwa sana, yuko hospitali Korogwe. Wanaomba ndugu aende upesi."

Niliendelea kukusanya. Gabrieli nilimjua. Alikwenda kwenye mkonge baada yetu, baba yako ndiye aliyemwelekeza kambi.

"Nimekuja kuomba ruhusa ya kumwambia," akasema.

Nikainua uso. Alisimama mikono imeshikana mbele, kama mtu aliyeitwa ofisini. Na mimi, badala ya kusikia habari ya mgonjwa, nilisikia dhihaka. Nilidhani amekuja kunionyesha kanuni yangu inafananaje.

"Unanicheka?"

"Sikucheki, mama. Nina watoto."

Alisema hivyo tu. Nina watoto. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kuliko sala yoyote niliyofundishwa. Lakini siku ile yaliniongezea hasira, maana hata katika hofu yake alikuwa anasema vizuri kuliko mimi.

"Nenda nyumbani," nikamwambia. "Tangazo litarudiwa kesho. Nitalisikia mwenyewe, nitampelekea mwenyewe. Habari ya redio inapelekwa na mwenye redio."

"Na lisiporudiwa?"

"Litarudiwa!"

Kesho yake mvua ilinyesha, redio ikakoroma, stesheni ya ng'ambo ikaingia juu ya ya kwetu. Niliweka sikio mpaka shingo ikaniuma, nikasikia majina ya watu wengine. Siku iliyofuata betri zikalegea. Nikakutana na Bibi Bukuru njiani kwenda kisimani. Akanisalimu, akaniuliza habari za shule yako, akasema una miguu mirefu kama baba yako. Nami nikapokea salamu zile, nikapita. Nilijiambia sina hakika. Nilijiambia habari ya ugonjwa haipelekwi nusu nusu. Ukweli ni kwamba nilitaka iwe yangu. Nilitaka watu waseme Mama Redio ndiye aliyeleta habari, na nilikuwa tayari kusubiri mpaka iwe yangu.

Domitila hakusubiri. Jioni hiyo aliwapeleka watoto wake kwa jirani. Akafunga sufuria, mkeka na nguo zake kwenye furushi, akaliweka mlangoni tayari. Ndipo akaenda kwa Bibi Bukuru akamwambia. Kisha akarudi akakaa juu ya furushi lake, akisubiri kuja kuchukuliwa.

Mdogo wa Gabrieli alipanda lori alfajiri, akapata treni Kigoma. Alipofika Korogwe akaonyeshwa kaburi, udongo bado mbichi. Akarudi na shati la kaka yake. Kama angeondoka siku ile ya kwanza angemkuta hai? Sijui. Wako waliosema angemkuta, wako waliosema ugonjwa ulikuwa umekwisha kumaliza kazi. Nimechoka kuupima umbali ule kichwani. Nilichokijua ni kwamba nilikaa kambini Tanga, nikawaona watu wanavyougua huko, wamegeuzia macho mlangoni, na bado nikaanua maharagwe.

Mkutano ukaitwa. Mzee Ntibabara alianza na Domitila, maana ndiye aliyevunja kanuni. Bibi Bukuru akasimama, shati la mwanawe begani. Akasema, "Huyu mkimpeleka kwa katibu tarafa, nipelekeni naye." Kisha akanigeukia mimi. Hakupaza sauti.

"Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa nataka kuhakikisha, bibi."

"Kuhakikisha nini, mwanangu? Kwamba mimi ni mama yake?"

Nilifungua pindo la khanga, nikauweka ufunguo mezani. Hakuna aliyeniambia niuweke. Usinisifu kwa hilo, nisingeweza kuendelea kuushika huku ananitazama.

Wengi walitaka ufunguo apewe Domitila. Akaukataa. Alisema ukae katika nyumba tofauti kila mwezi, na anayeushika asiwe ndiye anayefasiri, na asiyeelewa aruhusiwe kuuliza hata redio ikiwa bado inasema. Mzee Ntibabara alikuna kichwa, kisha akakubali. Mpaka leo ndivyo ilivyo, na banda linajaa. Nimeona kamati nyingi tangu hapo, Yustina, sijaona mpango bora kuliko ule, na umetoka kwa mwanamke ambaye hakuwa hata na karatasi ya kukaa nchini. Natamani ungekuwa umetoka kwangu. Hata leo natamani.

Usifikiri baadaye tulikumbatiana. Nilikwenda kumwomba radhi, akaniitikia, akanipa kiti, tukazungumzia viwavi. Tukabaki majirani. Aliendelea kunisalimu asubuhi na mimi nikiitikia, na wivu ukaendelea pale pale. Kumbe kujua umekosa hakuuondoi. Mtu akikuambia unaondoka, hajawahi kuwa nao.

Kisha ukaja wivu juu yako wewe.

Ulianza kukaa miguuni pake bandani. Mimi nilikaa nyuma, mahali wanapokaa wanaotaka kuondoka mapema. Siku moja somo lilikuwa la kuhifadhi mahindi, Domitila akasema koo linamkereketa, akakuinua. Ukasimama na gauni lako la shule. Hukuanza na redio. Ulimgeukia Bibi Bukuru ukamwuliza, "Bibi, panya wa nyumbani kwako wamenenepa?" Watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na Bibi Bukuru akasema, "Sikilizeni, ni Domitila mdogo."

Nilitoka. Nilikwenda moja kwa moja mpaka nyumbani, nikakaa jikoni bila kuwasha moto. Uliporudi nilikutuma maji, na kesho yake jioni nikakutuma kuni, na siku zote za redio nikakutafutia kazi. Uliniuliza kwa nini, nikakwambia msichana hakai na wazee. Utakumbuka. Lakini hujui kilichofuata. Ulikuwa unatoroka unakwenda kwake, naye alikuwa anakurudisha. Nilimsikia mwenyewe nyuma ya migomba: "Nenda, mama yako anakuita." Sikuwa nimekuita. Hata wewe, mwana wangu wa kuzaa, nilirudishiwa na yeye. Kesho yake nikakwambia uende bandani, na nikaacha kukutuma.

Sasa unakwenda. Sikuandikii kanuni, umeona zangu zilifika wapi. Nakuambia ninachokiogopa tu. Huko kutakuwa na watu wenye vyumba vya mashine na watu wenye viti vya vikao, na siku moja atatokea mwenzako atakayesema jambo lile lile ulilosema wewe, na yeye ndiye atakayesikilizwa. Utalisikia tumboni kabla hujalisikia kichwani. Siku hiyo usitunge kanuni. Usiandike pendekezo, usimwendee mkubwa yeyote. Rudi chumbani kwako, ulie, useme kwa sauti jina la kitu kile: ni wivu. Mimi nilikiita utaratibu, nikakiita heshima ya serikali, nikakiita uhakika, na kila jina nililokipa lilikiongezea nguvu.

Na ukifika kwenye kumbi zile, wakikutandikia mkeka mbele karibu na mwenye ufunguo, kaa kidogo kwa adabu, kisha hamia mlangoni. Mwangalie aliyeacha kuja. Nenda mpaka kwake umwulize kwa nini. Wakubwa watataka kusikia ukumbi umejaa au haujajaa. Wewe waambie nani hayumo. Huenda wakachoka nawe. Domitila tulimchoka sana.

Jioni alipokuja kukuaga mlizungumza uani muda mrefu, mnacheka kwa namna moja, mnainua mkono kwa namna moja. Nilikuwa jikoni napuliza moto uliokuwa umekwisha kuwaka. Watakapokuuliza kule nani alikufundisha kuzungumza na watu, nakujua utasitasita kwa ajili yangu. Usisite. Mtaje Domitila, tena taja kijiji, taja na alikotoka. Kisha, kama bado wanasikiliza, sema mama yako alijua Kiswahili.

Nimemwomba aje kesho kwenye basi la Kigoma. Nimemwambia asimame mbele, karibu na dirisha lako, yeye ana haki. Mimi nitakuwa nyuma yake kidogo. Basi likiondoka, Yustina, punga mkono mara mbili.

Mama yako